Ikilinganishwa na nini? Mwongozo kamili wa kuchambua madai na kufanya utafiti mdogo wa saikolojia

Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, kusini mwa Uganda, watafiti walitaka kujua kama tiba ya mazungumzo ya kikundi inawasaidia watu wenye sonona (depression). Vikundi vilikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16, kila kikao dakika 90. Kabla ya tiba, asilimia 86 ya waliopangiwa vikundi walitimiza vigezo vya sonona kubwa. Baada ya tiba walibaki asilimia 6.5.

Ukiishia hapo, tayari una kichwa cha habari. Lakini kati ya vijiji hivyo 30 kulikuwa na vingine ambako watu wenye dalili zilezile hawakuwekwa kwenye vikundi, na huko nako sonona ilipungua, kutoka asilimia 94 hadi asilimia 54.7. Hawakuwa na kikao hata kimoja, na bado karibu watu 40 katika kila 100 hawakutimiza tena vigezo. Sonona huja na kupungua. Mtu huandikishwa kwenye utafiti akiwa katika hali mbaya kuliko kawaida yake, kwa hiyo hata asipoguswa ana nafasi kubwa ya kupata nafuu. Huenda hata kupimwa na kusikilizwa kulimchangamsha mtu kidogo. Tiba ilifanya kazi, tena sana, ila ukubwa wa kazi hiyo hauonekani kwa kutazama 86 ikishuka hadi 6.5. Unaonekana ukiweka kushuka kwa kundi moja kando ya kushuka kwa lile lingine.

Kama ningeruhusiwa kumwachia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza swali moja tu, ningemwachia hili: ikilinganishwa na nini? Karibu kila kitu kinachoitwa mbinu za utafiti ni njia ya kulijibu swali hilo bila kujidanganya.

Mwongozo huu ni wa wanaosoma saikolojia Uganda huku wakijadiliana kwa Kiswahili: aliyetoka Arua, Kasese au Busia, aliyekuja kutoka Goma au Mwanza akajikuta darasani Kampala, Mbarara au Gulu, anayeandika mtihani kwa Kiingereza na kubishana hosteli kwa Kiswahili. Tutachukua dai moja ambalo kila mmoja wetu amewahi kuambiwa na kulifikisha mwisho wa safari: "Ukitaka kufaulu, soma notisi zako tena na tena mpaka zikukae kichwani."

Hatua ya 1: Lifanye dai liweze kushindwa

"Kusoma tena na tena kunasaidia" ni sentensi isiyoshikika. Kunamsaidia nani? Kukumbuka nini? Baada ya muda gani? Kuliko kufanya nini? Ukishajibu maswali hayo manne, dai linabadilika sura: "Mwanafunzi anayesoma ukurasa mmoja mara mbili atakumbuka mengi zaidi baada ya wiki moja kuliko yule anayeusoma mara moja, akaufunika, akaandika anachokumbuka." Hiyo sasa ni nadharia tete. Inaweza kuanguka mbele ya macho yako, na ndiyo sifa yake kubwa.

Unachokibadilisha wewe, yaani namna ya kusoma, kinaitwa kigeu huru. Unachokipima, yaani alama baada ya wiki, ni kigeu tegemezi. Yazoee majina hayo upesi tusonge mbele.

La kuogopa zaidi ni dai lisiloweza kushindwa. "Huyu anafeli kwa sababu ana kinyongo cha utotoni, na akikana, hiyo ndiyo dalili kwamba amekificha." Akikubali umeshinda, akikataa umeshinda. Maelezo ya aina hii yamejaa kwa washauri wa redioni, kwenye vitabu vya kujiendeleza, na hata ndani ya historia ya saikolojia yenyewe. Muulize msemaji: ni matokeo gani yangekufanya ubadili mawazo? Asiye na jibu ana imani, na anayo haki ya kuwa nayo, lakini asikudai uiite utafiti.

Hatua ya 2: Lifuate dai hadi lilikoanzia

Mfano mzuri uko jirani kabisa, ng'ambo ya mpaka wa kusini. Mitandaoni husimuliwa kwamba mwaka 1962 huko Tanganyika watu walishikwa na kicheko wakacheka mwaka mzima bila kuacha. Hebu fikiri kidogo: wangekula saa ngapi? Wangelala saa ngapi?

Ukifuata nyuma utafika kwenye makala ya Rankin na Philip iliyochapishwa mwaka 1963 katika jarida la Central African Journal of Medicine. Ndani yake habari ni nyingine. Mambo yalianza tarehe 30 Januari 1962 katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, kwa wasichana 3. Kufikia 18 Machi, shule ilipofungwa, walikuwa wameshikwa wanafunzi 95 kati ya 159. Kila shambulio la kucheka au kulia lilidumu dakika chache hadi saa kadhaa, kisha mtu akatulia, kisha huenda likarudi. Walimu hawakushikwa. Vipimo vya maabara havikuonyesha sumu wala maambukizi. Kilichoendelea kwa miezi ni mlipuko, ukihama kutoka mtu hadi mtu na kijiji hadi kijiji. Hakuna binadamu aliyecheka mwaka mzima. Ona jinsi simulizi la mitandaoni lilivyoficha sehemu yenye maana kubwa zaidi kwa saikolojia: kwa nini wanafunzi na si walimu?

Namna ya kufuatilia ni hii. Andika kwenye Google Scholar majina ya watafiti, mwaka na neno moja kuu la mada. Chini ya kila tokeo kuna kiungo cha matoleo yote. Mara nyingi mojawapo ni nakala ya bure. Ikishindikana, nenda kwa mkutubi wa chuo umuulize kuhusu Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi kama yetu majarida kwa bei ndogo au bure. Watu wengi wanamaliza shahada bila kuzungumza na mkutubi, na hasara ni yao. Njia ya mwisho ni kumwandikia mtafiti mwenyewe barua pepe fupi ya heshima kumwomba nakala. Wengi hufurahi kwamba kuna mtu anataka kuwasoma.

Kuhusu programu za akili bandia: zinaweza kukueleza dhana vizuri, lakini zina tabia ya kutunga marejeo yanayofanana kabisa na ya kweli, yenye mwandishi, mwaka na kurasa. Makala ambayo hujaifungua kwa macho yako usiiandike kwenye kazi yako.

Hatua ya 3: Soma makala kuanzia katikati

Muhtasari na hitimisho ndipo watafiti wanapojieleza vizuri zaidi ya walivyofanya. Wewe anza na sehemu ya mbinu. Tafuta nani walioshiriki na walipatikanaje, kundi linganishi ni lipi, kitu kilipimwa kwa kifaa gani, na wangapi waliacha njiani. Baada ya hapo nenda kwenye matokeo, na utazame ukubwa wa tofauti kabla ya kutazama kama wameiita tofauti ya maana kitakwimu, yaani ambayo si rahisi iletwe na bahati tu.

Kwa dai letu la notisi, makala ya kufungua ni ya Roediger na Karpicke ya mwaka 2006. Katika jaribio lao la kwanza, wanafunzi 120 wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, walisoma vifungu vifupi. Kifungu kimoja walikisoma tena. Kingine walikifunika wakaandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, kusoma tena kulishinda: asilimia 81 dhidi ya 75. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yalipinduka: waliosoma tena walikumbuka asilimia 42, waliojijaribu asilimia 56.

Kumbe dai letu ni kweli kwa dakika tano na si kweli kwa wiki. Hapo unaelewa kwa nini linaishi. Mtu akimaliza kusoma notisi mara ya tatu saa saba usiku, anajiuliza kama zimeingia, na jibu la wakati huo ni ndiyo. Hakuna anayejipima wiki inayofuata akiwa na mwenzake wa kujilinganisha naye.

Je, tukubali tu? Bado. Walioshiriki walikuwa wanafunzi wa Marekani. Mwaka 2010 Henrich, Heine na Norenzayan waliandika makala iliyowachoma wengi, wakionyesha kwamba saikolojia imejenga kanuni za "binadamu" kwa kuwapima zaidi watu wa jamii za Magharibi, zilizosoma na zenye utajiri. Tena mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilitangaza matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Za awali, asilimia 97 zilikuwa zimetoa matokeo yaliyopita kizingiti cha takwimu (tutakiona Hatua ya 7). Ziliporudiwa, zilizopita zilikuwa asilimia 36. Hiyo haimaanishi kwamba zilizobaki ni za uongo. Nyingine zilirudiwa kwa watu tofauti au katika mazingira tofauti. Inamaanisha kwamba kurudia utafiti ni kazi halali na yenye heshima, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliye hosteli ya Kikoni au Wandegeya anaweza kuifanya.

Hatua ya 4: Chagua mbinu inayolingana na swali

Uganda ina nafasi yake katika historia ya mbinu ya uchunguzi wa kutazama, ingawa vitabu vingi vya utangulizi huipitia kwa mstari mmoja. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala kwa sababu mumewe alipata kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki, iliyokuwa Makerere. Akatembelea familia 26 zenye watoto wachanga 28 katika vijiji vya karibu na Kampala, kila baada ya wiki mbili hivi, kwa miezi kadhaa, akiwa na mkalimani. Alikaa sebuleni akatazama: mtoto analia nani akiondoka, anamtambalia nani, anamtumia mama kama kituo cha kuanzia kwenda kuchungulia wageni. Kitabu kilitoka mwaka 1967. Jaribio lake maarufu la baadaye, lile la chumba chenye mgeni (Strange Situation) huko Baltimore, lilikuja baada ya Uganda.

Moja ya aliyoyaona ni kwamba akina mama walioweza kueleza habari za watoto wao kwa undani mara nyingi ndio waliokuwa na watoto walioonekana kuwa na mshikamano salama nao. Sasa simama hapo. Je, umakini wa mama ndio uliompa mtoto usalama? Au mtoto mtulivu ndiye aliyemwachia mama nafasi ya kumjua? Au kuna kitu cha tatu, kwa mfano mama mwenye wasaidizi nyumbani hupata muda wa kumtazama mtoto na pia hachoki? Kutazama peke yake hakuwezi kuchagua kati ya majibu hayo matatu, na dodoso haliwezi pia. Hata ukigundua kwamba wanafunzi wanaojijaribu wana alama nzuri zaidi darasani kwenu, huenda wanaojijaribu ni wale wenye bidii, na bidii ndiyo inayoleta vyote viwili.

Hivyo, ukitaka kujua jambo likoje katika maisha ya kawaida, tazama. Ukitaka kujua watu wengi wanasema nini, uliza. Ukitaka kujua kinachosababisha, lazima ubadilishe kitu kwa mkono wako na uache bahati nasibu iamue nani apate kipi. Mahojiano marefu na watu wachache yana kazi yake pia, hasa mwanzoni, unapokuwa hujui hata uulize nini.

Hatua ya 5: Hakikisha unapima unachodhani unapima

Mwaka 1974 mtafiti Mallory Wober alichapisha utafiti kuhusu jinsi Baganda, watu wa Buganda, wanavyoielewa akili. Wanakijiji aliowauliza waliihusisha na utulivu na uangalifu, si kasi. Mpe mtu kama huyo mtihani wa akili unaohesabu sekunde, naye akaenda taratibu kama mtu mwenye akili anavyopaswa kwenda, utaandika kwamba amefeli. Kifaa chako kitakuwa kimepima haraka na wewe umekiita akili.

Maneno ya swali nayo yana nguvu. Loftus na Palmer, mwaka huohuo wa 1974, waliwaonyesha wanafunzi filamu za magari yakigongana na kuwauliza yalikuwa na kasi gani. Walioulizwa kwa kitenzi kikali cha kupondana walikadiria zaidi ya maili 40 kwa saa. Walioulizwa kwa kitenzi laini cha kugusana walikadiria chini ya maili 32. Filamu zilikuwa zilezile.

Tazama swali hili ambalo ni la kawaida katika madodoso ya wanafunzi: "Je, hukubaliani kwamba simu inaharibu usingizi na masomo yako?" Lina makosa matatu. Linamsukuma mtu kukubali. Limebeba maswali mawili, usingizi na masomo. Na "kuharibu" ni hukumu iliyokwishatolewa. Liandike hivi: "Jana usiku ulilala saa ngapi?" Kisha peke yake: "Katika saa moja kabla ya kulala, ulitumia simu dakika ngapi?" Ona kwamba maswali yote mawili ni ya jana. Ukimuuliza mtu "kwa kawaida", atakujibu anavyotamani kuwa.

Kama dodoso limetoka kwa Kiingereza, mpe mwenzako mmoja alitafsiri kwa Kiswahili, na mwingine ambaye hajaona la awali alirudishe kwa Kiingereza. Pale matoleo mawili ya Kiingereza yanapotofautiana ndipo penye shida. Kisha mpe mtu wa Bukavu, mtu wa Arua na mtu wa Tanga, mwombe kila mmoja akueleze swali kwa maneno yake mwenyewe kabla ya kulijibu. Utashangaa. Na ukitoka nje ya chuo kuwauliza watu wazima, salamu na kumwita mtu mama, mzee au kaka kunatangulia karatasi. Anayefika na kalamu mkononi bila kujuliana hali hupewa majibu ya kumwondosha haraka.

Hatua ya 6: Fanya jaribio lenyewe

Tafuta wenzako 20. Andaa kifungu cha maneno kama 250 kuhusu jambo ambalo hakuna aliyelisoma darasani; maisha ya kamongo, samaki wa Ziwa Kyoga, yanafaa, mradi wawe si watoto wa wavuvi. Kabla ya siku yenyewe, kigawe kifungu katika hoja 20, kila hoja alama moja.

Chana karatasi 20, kumi ziandike A na kumi B, zikunje, tia kwenye mfuko, kila mtu achomoe. Usiwagawe kwa kusema waliokaa mbele wawe A, wala waliowahi kufika. Waliowahi kufika si sawa na waliochelewa, na ukiwatumia hutajua kama umepima njia ya kusoma au umepima watu. Karatasi ya mfukoni haijui nani ana bidii.

Wote wasome kifungu dakika 7. Kisha kundi A lisome tena dakika 7, na kundi B ligeuze karatasi na kuandika wanachokumbuka kwa dakika 7. Muda uwe uleule kabisa, la sivyo utakuwa umelinganisha dakika. Kusanya karatasi zote. Baada ya siku saba, wote waandike wanachokumbuka. Waambie mapema kwamba mtakutana tena, lakini si kwamba watapimwa, maana watakwenda kusoma.

Anayesahihisha asijue karatasi ni ya kundi gani. Tumia namba badala ya majina, na orodha ya namba akae nayo mtu mwingine. Sababu ilionekana wazi Ujerumani mwaka 1907, mtafiti Oskar Pfungst alipochapisha uchunguzi wake wa farasi Hans, aliyesifiwa kwamba anajua hesabu. Hans alipata majibu pale tu muulizaji mwenyewe alipoyajua. Alikuwa akisoma mabadiliko madogo ya mwili wa muulizaji, na muulizaji hakuwa na habari. Msahihishaji anayelipenda kundi B atampa nusu alama mtu wa B bila kukusudia.

Kisha hatua ambayo wengi huiruka: kabla ya kukusanya lolote, andika kwenye karatasi yenye tarehe utamwondoa nani kwenye hesabu na kwa sababu gani. Nitakuonyesha baadaye kidogo kwa nini.

Ridhaa, na mipaka yake

Hata kwa zoezi la darasani, mtu aambiwe. Maneno ya kutosha ni kama haya: "Nafanya zoezi la somo la saikolojia kuhusu namna watu wanavyokumbuka walichosoma. Tutakutana mara mbili, kila mara chini ya nusu saa. Jina lako halitaandikwa kwenye matokeo. Unaweza kuacha wakati wowote bila kutoa sababu, na hakuna atakayekulaumu. Ukimaliza nitakueleza tulichokuwa tunatafuta." Kisha unyamaze umwachie nafasi ya kukataa. Rafiki anayeona aibu kukataa hajaridhia.

Ukitaka kuchapisha, au kwenda kwa watu wa nje, mambo yanabadilika: unahitaji kibali cha kamati ya maadili ya utafiti iliyotambuliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda (UNCST), na utafiti usajiliwe huko. Muulize mhadhiri wako mapema, maana vibali huchukua muda. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inakuhusu pia unapoanza kukusanya majina na namba za simu. Walio chini ya miaka 18 waache kwanza. Maswali ya kujidhuru, ubakaji na vita waachie wenye mafunzo na mahali pa kumpeleka mtu akilemewa; dodoso la mwaka wa kwanza halina mahali hapo.

Hatua ya 7: Hesabu kwa vikaratasi

Tuseme, kwa mfano tu, alama za kundi A ni 9, 11, 8, 12, 10, 7, 13, 10, 9, 11. Jumla 100, wastani 10. Za kundi B ni 12, 10, 14, 9, 13, 15, 11, 12, 8, 16. Jumla 120, wastani 12. Tofauti ni alama 2.

Je, ni njia ya kusoma iliyoleta tofauti hiyo, au ni namna karatasi zilivyochomolewa mfukoni? Hapa si lazima uwe na kompyuta. Andika alama zote 20 kwenye vikaratasi, changanya, gawa kumi kumi ovyo, hesabu tofauti ya wastani. Rudia. Unachofanya ni kujenga dunia ambamo njia ya kusoma haina athari yoyote, na kuona dunia hiyo inazaa tofauti za ukubwa gani yenyewe. Kwa alama hizi, tofauti ya 2 au zaidi, upande wowote, itatokea kama mara 7 au 8 katika kila migao 100. Watu wanne wakigawana kazi mnaimaliza jioni moja, na mtakuwa mmeelewa thamani ya p, yaani ni mara ngapi bahati peke yake ingezaa tofauti kama hiyo au zaidi, kuliko wengi wanaobonyeza kitufe cha programu.

Kizingiti kilichozoeleka ni chini ya mara 5 katika 100. Kwa hiyo hujavuka. Hapo ndipo shetani anapokuja. Yule wa kundi B aliyepata 8, si alisema tumbo linamuuma? Mwondoe. Wastani wa B unakuwa 12.4, na tofauti kama hiyo sasa inatokea kwa bahati kama mara 2 au 3 katika 100. Umevuka! Data ni zilezile, kilichobadilika ni tumbo la mtu mmoja. Na kama yule aliyepata 8 angekuwa kundi A, je, ungelikumbuka tumbo lake? Ndiyo maana ile karatasi yenye tarehe iliandikwa kabla.

Kutovuka kizingiti hakumaanishi kwamba njia mbili ni sawa. Watu 20 ni wachache. Hata tofauti ya kweli inaweza kujificha. Andika tofauti uliyopata, andika mara ngapi bahati ingeizaa, na uache hivyo. Mimi binafsi namheshimu zaidi mwanafunzi anayeleta 7 au 8 katika 100 kuliko yule ambaye kila zoezi lake linavuka.

Hatua ya 8: Andika ripoti

Fuata mpangilio wa utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala. Sehemu ya mbinu ndiyo ya kutolea jasho: mtu wa Soroti ambaye hajawahi kukuona aweze kuisoma na kurudia zoezi lote, pamoja na kifungu cha kamongo, dakika 7 na mfuko wa karatasi. Kwenye matokeo weka alama zote 20, si wastani tu.

Kwenye mjadala, sema walioshiriki walikuwa nani hasa: wanafunzi wa chuo, wa hosteli moja, marafiki zako. Usiandike "Waganda" wala "vijana wa Afrika". Taja kilichoharibika siku hiyo, umeme ukikatika katikati ya dakika saba, watu wawili wasiporudi wiki ya pili. Wasiporudi, sema walikuwa kundi gani. Kama wote ni wa B, msomaji anahitaji kujua, kwa sababu huenda walioona hawakumbuki kitu ndio waliokwepa.

Ukishakabidhi, chana orodha inayounganisha namba na majina. Alama, kifungu na ile karatasi yenye tarehe vipigwe picha na kuwekwa pamoja kwenye faili moja, ili kundi la mwaka ujao likitaka kuongeza watu 20 wengine lisianze upya.